UZI: Kifaa cha setilaiti porini, na mtu aliyebaki Nairobi kupokea ujumbe

Mwanzisha uzi:

Wanajamvi, nawasalimu. Uzi huu nimeukalia kwa muda mrefu, kwa kuwa nilitaka niuandike nikiwa na jambo la kusema zaidi ya kukisifia kifaa. Kila Desemba na kila Pasaka, wenzetu wengi wa hapa Nairobi hufunga mikoba na kuelekea Aberdare, Mlima Kenya, Suguta, Ndoto na Loita, na katika miaka ya karibuni naona wengi wamenunua vile vifaa vidogo vya mawasiliano ya setilaiti vinavyofungwa kwenye mkanda wa mkoba. Nawapongeza kwa dhati. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mtu akishakinunua huacha kupanga mengine, akaamini kwamba akibonyeza kitufe cha dharura, helikopta itatokea juu ya kichwa chake. Kifaa kile hupeleka ujumbe na kuleta majibu, na kazi yake inaishia hapo. Atakayekutoa porini ni mtu mwenye miguu, au gari, au ndege, na mtu huyo hutafutwa na mtu mwingine ambaye mara nyingi ameketi sebuleni Nairobi. Huyo wa sebuleni ndiye ninayetaka tumzungumzie, kwa sababu mimi nilimsahau, na mwenzangu aliulipia usahaulifu wangu kwa saa tatu za maumivu.

Tulikuwa watano, pamoja na kiongozi wetu, mzee wa Kimaasai mwenyeji wa Entasekera, na kijana wake. Tulinuia kutembea siku tatu kutoka vilima vya Loita, tupite ndani ya msitu, kisha tuteremke ukingo wa Bonde la Ufa hadi Nguruman. Msitu huo Wamaasai huuita Naimina Enkiyio, yaani Msitu wa Mtoto Aliyepotea, kwa kumbukumbu ya msichana aliyeingia humo akifuata ndama. Ndama walirudi nyumbani, yeye hakurudi. Mzee alitusimulia hayo usiku wa kwanza tukiota moto, na hakuwa na nia ya kututisha. Alikuwa anatueleza kwa nini hapendi mtu ajitenge na wenzake hata kwa haja ndogo.

Siku ya pili, mnamo saa nane mchana, tulikuwa tunavuka kijito. Mwenzetu alikanyaga mzizi uliolowa, mguu ukateleza na kunasa katikati ya mawe mawili huku mwili ukiendelea mbele. Sote tuliusikia ule mlio. Tulipomvua kiatu, kifundo kilikuwa kimeshavimba na ngozi inang'aa kama biringanya. Nilibonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu wake, ukawa mweupe, kisha rangi ikarudi upesi. Vidole vilikuwa na joto. Damu ilikuwa bado inafika, na hilo lilinipa nafasi ya kufikiri.

Nilitoa kifaa, nikaandika ujumbe kwa dada yangu anayeishi Umoja, nikautuma. Juu yetu matawi ya mitarakwa na miti mingine mikubwa yalikuwa yameshikana hata jua lilifika chini likiwa vipande vipande. Alama ya kutuma ilizunguka kwa dakika arobaini bila kukoma. Mzee ndiye aliyesema kwamba juu ya mteremko kulikuwa na uwazi ambapo tembo hupenda kusimama, tupande hadi pale. Tulipanda wawili kwa dakika ishirini, nikakiweka kifaa juu ya gogo antena ikitazama mbinguni, nikasogea kando ili mwili wangu usikizibe. Dakika ya sita kikalia. Ujumbe ulikuwa umeondoka.

Hakuna aliyejibu.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba ujumbe ulimfikia dada katika simu yake ya kawaida ukiwa na namba ya kigeni asiyoifahamu, ukisema kwamba mtu ameumia na gari linahitajika haraka. Wiki iliyotangulia jirani yake alikuwa amepokea ujumbe unaofanana na huo kutoka kwa matapeli wa simu, akatuma pesa. Dada akaufuta. Wa pili nao akaufuta. Sikuwa nimemwambia hata siku moja kwamba ujumbe wa kifaa hiki hauji kwa namba yangu. Wa tatu niliuandika saa kumi na moja kasoro, na safari hii nikaanza kwa jina ambalo marehemu nyanya yetu alikuwa akiniita nilipokuwa mtoto, jina ambalo hakuna tapeli anayeweza kulijua. Jibu lilirudi baada ya dakika nne: "Nimeelewa. Niambie nimpigie nani."

Na hilo pia sikuwa nimeliandaa. Namba ya dereva wa Land Cruiser aliyetufikisha ilikuwa kwenye simu yangu peke yake, na ilibidi niichape tarakimu moja moja kwa vidole vinavyotetemeka. Wakati huo kijana wa mzee alikuwa ameshakimbia hadi maboma ya karibu. Walikuja wanaume wanane, wakakata miti miwili, wakafunga shuka tatu katikati kuwa machela, wakambeba kwa kupokezana gizani. Tuliingia Entasekera saa saba usiku, gari likafika alfajiri, na kabla ya saa sita mchana mwenzetu alikuwa hospitalini Narok. Mifupa miwili ilikuwa imevunjika. Leo anatembea vizuri.

Watu huniuliza kwa nini sikubonyeza kitufe cha dharura. Uhai wake haukuwa hatarini, na helikopta isingepata mahali pa kutua chini ya miti ile. Lakini kama vidole vile vingekuwa baridi, au angeanza kuchanganyikiwa, ningebonyeza bila kusita, na ningefanya hivyo mapema, kwa sababu usiku huku kwetu hauna machweo marefu. Saa kumi na mbili na nusu jua linatua, na muda mfupi baadaye huoni mkono wako.

Mwanzisha uzi (inaendelea):

Niseme sasa kifaa kinavyofanya kazi, kwa kuwa anayeelewa hatababaika alama ya kutuma inapozunguka.

Vifaa vingi ninavyoviona hapa mjini ni vya Garmin, aina ya inReach, na baadhi ni Zoleo. Vyote hivyo hutumia mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 zinazoizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 780 hivi, zikipita njia zinazovuka karibu na ncha mbili za dunia. Kila setilaiti huonekana kwako kwa takriban dakika kumi au pungufu, kisha inazama upeoni na nyingine inachukua zamu. Kwa kuwa njia zao hukutana karibu na ncha, huko setilaiti zimesongamana, na huku kwetu kwenye ikweta zimetawanyika zaidi. Penye uwazi hutaona tofauti. Ukiwa ndani ya korongo, kama lile Bonde la Gorges upande wa Chogoria, kipande cha mbingu unachokiona ni chembamba, na huenda ukangoja setilaiti ipite hasa juu ya kipande hicho. Ujumbe unaweza kuchukua dakika moja au ishirini. Kuzunguka-zunguka nacho mkononi hakusaidii. Kiweke juu ya jiwe, antena juu, ukiache.

Jambo la pili kuhusu Iridium ni kwamba setilaiti zake huzungumza zenyewe kwa zenyewe angani, kwa hiyo ujumbe wako kutoka Suguta unaweza kurushwa kutoka setilaiti moja hadi nyingine mpaka ufike kwenye kituo cha nchi kavu kilicho mbali kabisa. Mitandao mingine haifanyi hivyo. Setilaiti za Globalstar, zinazotumiwa na vifaa vya SPOT, hurudisha chini kile zinachokisikia, na lazima wakati huohuo zione kituo cha nchi kavu. Pasipo na kituo karibu, hakuna huduma, hata mbingu ikiwa wazi kama kiganja. Kabla ya kununua kifaa cha bei nafuu kilicholetwa na mjomba kutoka Marekani, itazame ramani ya huduma yake upande huu wa Afrika, na usiridhike na neno la muuzaji.

Sasa kitufe chenyewe. Ukikibonyeza kwenye inReach, taarifa hufika katika kituo cha Garmin kilichoko Montgomery, jimbo la Texas, ambako kuna wahudumu usiku na mchana. Wao hawana helikopta Kenya. Watakuandikia wakuulize kimetokea nini, watawapigia watu uliowaandika kama wa kuarifiwa wakati wa dharura, kisha watatafuta mamlaka ya nchi uliyopo. Kwa hiyo hata ukipitia Texas, simu itarudi kulia kwa yule yule wa sebuleni. Kama uliandika namba ya zamani, au ya mtu anayezima simu usiku, umekata kamba uliyoishikilia mwenyewe.

Mchangiaji wa Kasarani:

Asante sana mkuu kwa kutusimulia bila kujificha. Naomba kuuliza. Simu mpya za iPhone zina uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Je, mtu mwenye simu hiyo bado anahitaji kifaa kingine? Na kuna rafiki yangu anayebeba Starlink ndogo, ile antena ya intaneti ya setilaiti, kwenye gari anapokwenda Turkana. Je, hiyo haitoshi?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, huduma ya iPhone ilianza Novemba 2022 kwa Marekani na Kanada, kisha ikafunguliwa nchi moja baada ya nyingine. Hutumia hizo setilaiti za Globalstar nilizozitaja, na hufanya kazi katika nchi zilizoorodheshwa na Apple peke yake. Kuwa na simu yenyewe hakutoshi. Nchi unayosimama lazima iwe kwenye orodha. Simu ile pia ndiyo kamera yako, ramani yako na tochi yako, na kufikia siku ya tatu chaji imekwisha. Mimi nisingeyaweka maisha yangu juu yake huku kwetu.

Starlink imekuwepo Kenya tangu Julai 2023 na kwa kambi ya gari ni kitu kizuri mno, mtu anaweza hata kumpigia daktari akamwona. Lakini inahitaji umeme wa kutosha na inabaki garini. Aliyevunjika mguu kilomita tisa kutoka kwenye gari haitamfaa. Wanaokwenda kwa gari na kwa miguu pia, wabebe vyote viwili.

Mchangiaji wa Nanyuki:

Mimi nimefanya kazi ya kupandisha wageni mlimani kwa miaka mingi, nikianza kama mpagazi. Ninakubaliana na mwanzisha uzi, ila ningependa kuongeza upande wa mlima, kwa sababu mlima una sheria zake.

Wageni wengi huamini kwamba kwenye Mlima Kenya helikopta huja tu. Hewa ya juu ni nyepesi, na helikopta hupoteza nguvu kadiri inavyopanda. Mchana mawingu hufunga kuanzia saa nne au tano asubuhi, na rubani hawezi kuruka asikokuona. Wazee wetu wanaikumbuka ajali ya Septemba 1970, daktari kutoka Austria, Gert Judmaier, alipoanguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz alimhudumia na kutafuta msaada. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumtoa, kwa jasho la wapanda mlima wa Kenya na kikosi kilichoruka kutoka Austria, na rubani Mmarekani Jim Hastings alifariki helikopta yake ilipoanguka katika uokoaji huohuo. Judmaier alipona. Vifaa vimeboreka tangu wakati huo, lakini mwamba wa mita 5,199 haujapungua, wala hewa haijaongezeka.

Kinachowasumbua wengi mlimani ni ugonjwa wa urefu, zaidi ya mifupa. Mtu analala kambi ya Shipton, mita 4,200, anaanza kukohoa, anapumua kwa shida hata akiwa ameketi, midomo inageuka rangi. Hayo ni maji yanayojaa mapafuni. Dawa yake ni kushuka, usiku huohuo, hata kwa kubebwa, hadi Old Moses kwenye mita 3,300 au chini zaidi. Nimewahi kumkuta kijana aliyekuwa ametuma ujumbe wa dharura, akakaa hemani akingoja aje kuchukuliwa huku hali yake ikizorota. Niliwaambia wenzake wamwinue tuanze kushuka, na ujumbe uendelee kutumwa tukiwa njiani. Kwa hiyo anayebonyeza asiache kufanya lile ambalo angelifanya kama kifaa kisingekuwepo.

Tafadhali pia mjiandikishe vizuri langoni. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wanajua nani ameingia kwa njia ya Sirimon, nani Naro Moru, nani Chogoria. Ukibadilisha njia ya kushuka bila kumwambia mtu, utatafutwa upande usiokuwepo.

Mchangiaji wa Rongai:

Mimi ninacho kile kifaa kingine, cha kuinua antena na kubonyeza mara moja, kisicho na malipo ya kila mwezi. Nilikichagua kwa sababu hiyo ya malipo. Je, nilikosea?

Mwanzisha uzi:

Hukukosea, dada. Kifaa chako hurusha ishara kwa masafa ya 406 MHz, na husikilizwa na mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa mwaka 1979 na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti, ukaokoa watu wa kwanza mwaka 1982. Nguvu ya ishara yake ni kubwa kuliko ya vifaa vyetu, betri yake hukaa miaka bila kuchajiwa, na ukiiwasha huendelea kurusha kwa saa 24 au zaidi. Mahali pa kufa na kupona nakiheshimu kuliko changu.

Upungufu wake ni kwamba hakiwezi kusema kitu. Kingeweza kutangaza kwamba mtu yuko taabuni katika msitu wa Loita. Kisingeweza kusema kwamba ni mguu, kwamba ana fahamu, kwamba tunahitaji gari na si ndege. Kati ya safari zangu zote, matatizo niliyokutana nayo yalikuwa ya aina hiyo ya pili: gari kukwama, mto kufurika, kuchelewa siku moja huku mama wa mtu akilia Nairobi. Hakikisha tu kwamba umekisajili, na utazame namba ya nchi iliyowekwa ndani yake. Kama kilinunuliwa Uingereza kikiwa na namba ya Uingereza, rekodi ya kuonyesha wewe ni nani itatafutwa huko, na namba ya simu ya nyumbani kwako iliyomo humo iwe ni hai.

Niongeze haya kwa haraka kwa wenye vifaa kama changu. Hakikisha kifurushi kimelipiwa kabla ya kutoka, kwa maana bila malipo hata kitufe cha dharura hakifanyi kazi. Usiku wa baridi lala nacho ndani ya mfuko wa kulalia. Usikifungie ndani ya mkoba ulioachwa juu ya punda au garini. Kikae mwilini mwako. Na anayevuka mipaka aulize sheria kwanza, kwani kuna nchi, kama India, ambako kukutwa na kifaa cha setilaiti bila kibali ni kosa la kukupeleka mahakamani.

Mwanzisha uzi (inaendelea):

Kuna mambo mawili ambayo sijaona yakiandikwa popote, pengine kwa sababu maelekezo ya vifaa hivi huandikwa na watu wasioishi kwenye ikweta wala wasiosoma saa kwa Kiswahili.

La kwanza ni kaskazini na kusini. Nchi yetu imekatwa katikati na ikweta. Kilele cha Batian kiko dakika 9 kusini mwa ikweta (dakika hapa si ya saa, ni sehemu moja ya sitini ya digrii). Ukimsomea mtu namba za latitudo na longitudo kwa simu, akasahau ile herufi ya kusini au alama ya kutoa mbele ya namba, atakuweka dakika 9 kaskazini, kwenye nyanda zilizo kaskazini mwa Timau, kilomita 33 kutoka ulipolala. Kwa mtu wa Loita kosa hilohilo ni kubwa zaidi: litampeleka Turkana, kilomita mia nne na ushei. Mtu wa Norwei akikosea hivyo, kila mtu atagundua, kwa kuwa atakuwa amejikuta karibu na ncha ya kusini. Kwetu pande zote mbili kuna vilima na vijiji, na hakuna atakayeshtuka. Tena kuna namna mbili za kuandika: dakika 9 ni sawa na 0.15 ya digrii, na anayesoma 0.15 kama dakika 15 amekosea kwa kilomita 11. Chagueni namna moja na mpokeaji wenu kabla ya safari, na herufi ya upande iandikwe kila mara.

La pili ni saa. Nilimwandikia dada kwamba "gari lifike saa kumi na moja", nikimaanisha alfajiri. Dereva alikuwa kijana aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza kazini, akauliza kama ni saa tano usiku. Dada alimsahihisha kwa bahati tu. Texas nao, ukiwaandikia "8", wataielewa nane yao. Tangu siku hiyo naandika tarakimu nne kwa mtindo wa saa 24: 0500, 1430. Ni jambo dogo, na nawasihi mlitie akilini, kwa sababu kosa la saa sita kwa mtu anayevuja damu haliwezi kurekebishwa.

Mchangiaji wa Umoja:

Mimi ndiye dada anayetajwa. Mdogo wangu ameniomba nieleze upande wangu, nami naona inafaa, kwa kuwa nyuzi hizi huandikwa na wanaokwenda, na sisi tunaobaki hatuulizwi.

Niliufuta ujumbe wa ndugu yangu mara mbili. Nililia nilipofahamu, lakini baada ya kutulia nilimwambia kwamba nisingefanya vingine, kwa sababu hakunipa cha kunisaidia. Sasa tuna utaratibu. Kabla hajatoka huja nyumbani, tunakaa mezani, na tunajaza karatasi moja ninayoibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Ina majina ya wote wanaokwenda na jamaa zao wa karibu, namba ya gari na rangi yake, namba ya kiongozi wa safari na ya mtu mmoja kijijini anayepokea simu, zahanati na uwanja wa ndege ulio karibu, na mwenye kisukari au pumu ni nani. Ina pia namba zao za uanachama wa mpango uitwao Maisha, wa AMREF Flying Doctors. Wao wana ndege pale Wilson, na huduma ya madaktari wa ndege ilianzishwa mwaka 1957, kwa hiyo wanalijua jambo hilo. Lakini ndege inahitaji uwanja wa kutua, na kazi ya kumfikisha mgonjwa uwanjani hubaki kwenu na kwangu. Ndiyo maana namba ya mwenye gari nimeiandika kwa wino mwekundu.

Mwisho wa karatasi kuna saa. Kila jioni kabla ya 1900 lazima nipate ujumbe kwamba wamepiga kambi. Nisipoupata, nangoja hadi 0800 asubuhi, kwa sababu nimejifunza kwamba mawingu, miti na betri huchelewesha. Ikipita hapo naanza kupiga simu kwa mpangilio tuliokubaliana, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kuona haya. Mara moja nilipiga, kumbe kifaa kilikuwa kimetumbukia mtoni na wao wazima. Mdogo wangu aliporudi alinishukuru, hakunilaumu. Kama angenilaumu, safari iliyofuata ningesita, na kusita huko ndiko ninakokuogopa.

Na neno letu la siri lipo. Kila ujumbe wa kwanza wa safari huanza nalo.

Mchangiaji wa Kasarani:

Dada, asante mno, nimelinakili lote. Mwezi ujao tunakwenda milima ya Ndoto, tukianzia Ngurunit, watu sita. Atakayepokea ni mama yangu, hajui Kiingereza vizuri na macho yake si mazuri sana. Niandike vipi?

Mwanzisha uzi:

Mwandikie Kiswahili, ndugu yangu. Kifaa hakichagui lugha. Una herufi 160 kwa ujumbe, na mtu mwenye hofu husoma neno la kwanza na la mwisho, kwa hiyo weka utambulisho mwanzo na unachokitaka mwisho. Ndoto iko kaskazini mwa ikweta, herufi yako ni N. Mfano wa ujumbe ambao ningeuandika, jina la siri likiwa lolote mtakalochagua:

"Ni mimi Kadogo. Mmoja ameumia mguu, hawezi kutembea, ana fahamu. 1.7200 N 37.2100 E. Tunahitaji gari Ngurunit 0600 kesho. Mpigie dereva. Jibu."

Huyo dereva awe ameshaandikwa kwenye karatasi ya mama kwa herufi kubwa, na mtu wa pili, kijana mwenye macho mazuri, awe na karatasi hiyohiyo. Kisha kabla ya kusafiri panda juu ya paa la nyumba yako, mtumie mama ujumbe wa majaribio bila kumwonya kwamba unakuja saa hiyo, uone atafanya nini.

Mchangiaji wa Kasarani:

Nimefanya hivyo leo saa kumi na mbili jioni. Ujumbe ulichukua dakika tatu kutoka paani. Mama alimpa mjukuu asome, akasikia lile neno, akanipigia papo hapo kwenye simu yangu ya kawaida kuuliza nimeumia wapi. Nilipomweleza kwamba ni jaribio, alinyamaza kidogo, kisha akaniomba tubadilishe neno, kwa sababu hilo nililochagua mtaa mzima unalijua.